Alama za Picha Kwenye Maelekezo ya Maabara

Maelekezo ya maabara husomwa na mtu ambaye mikono yake ina kazi nyingine. Mwanafunzi ameshika mrija wa majaribio kwa koleo juu ya taa ya spiriti. Mtaalamu wa maabara wa kituo cha afya ana tone la damu kwenye slaidi, nalo litaganda akichelewa. Wote wawili huitupia karatasi jicho kwa sekunde mbili tatu, kisha hurudi kwenye kazi. Katika nafasi hiyo sentensi ndefu haisomeki mpaka mwisho. Msomaji hudaka neno moja au mawili na kukisia yaliyobaki. Alama za picha, yaani michoro midogo ya vifaa, vitendo na hatari, zimependekezwa ziwe tiba ya tatizo hilo, na pendekezo lenyewe limezua mabishano. Wapo wanaoamini zitaokoa muda na hata maisha. Wapo wanaohofia zitalea wanafunzi wasiopenda kusoma. Wengine hawaoni haja ya kubuni chochote, kwa kuwa alama za kimataifa zipo tayari.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na kuvizungumzia vitu vinne tofauti kana kwamba ni kimoja. Mahali pazuri pa kuvitenganisha ni Kinyinya, Rwanda, kwa sababu huko sababu zote zinazowasukuma watu kwenye picha zipo kwa pamoja, na vikwazo vyake vipo pia.

Karatasi moja, lugha nne

Kinyinya ni umurenge, yaani sekta, wa wilaya ya Gasabo, kaskazini mwa jiji la Kigali, wenye seli za Gacuriro, Gasharu, Kagugu na Murama. Ndani yake majumba mapya ya Vision City yako jirani na mitaa ya watu wa kipato kidogo na nyumba za Batsinda, zilizojengwa kuzipokea familia zilizohamishwa kutoka katikati ya jiji. Shule za serikali, shule za binafsi na vituo vya afya hupokea watu wa matabaka hayo yote.

Kwa lugha, kila karatasi inayoingia maabara huko hupita njia yenye kona. Karibu kila mtu huzungumza Kinyarwanda nyumbani. Elimu ya juu na ya sekondari ilitegemea sana Kifaransa mpaka Oktoba 2008, baraza la mawaziri la Rwanda lilipoamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mwaka 2011 Kinyarwanda kilirudishwa kwa madarasa matatu ya mwanzo ya shule ya msingi, na mwishoni mwa 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kianzie darasa la kwanza. Kiswahili kikawa lugha rasmi ya nne mwaka 2017. Matokeo yake ni kwamba mwalimu wa kemia aliyesoma kabla ya 2008 huenda aliyajua majina ya vifaa kwa Kifaransa, anayafundisha kwa Kiingereza, na huyafafanua kwa Kinyarwanda darasa linapokwama. Katika maabara ya kituo cha afya, boksi la vitendanishi laweza kuwa na kijitabu cha lugha sita, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo mhudumu alizaliwa nayo.

Mageuzi ya mtaala yameongeza uzito. Mtaala unaojengwa juu ya umahiri, ulioanza kutumika mwaka 2016, unamtaka mwanafunzi afanye jaribio mwenyewe, aangalie, apime na aeleze. Kwa shule nyingi zisizo na chumba cha maabara, Bodi ya Elimu ya Msingi ya Rwanda imetumia masanduku ya vifaa vya sayansi yanayoweza kufunguliwa darasani. Sanduku huja na karatasi, na karatasi hiyo ndiyo wanafunzi watano au sita walioizunguka meza moja wanapaswa kuifuata huku mwalimu akizunguka meza nyingine.

Hata hivyo lugha ya kigeni peke yake haielezi tatizo. Alex Johnstone, mwalimu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Glasgow, alionyesha mwaka 1982, pamoja na mwenzake Wham, kwamba wanafunzi wanaosoma kwa lugha yao wenyewe pia hulemewa maabarani. Kwa wakati mmoja mwanafunzi hutakiwa kukumbuka nadharia, kutambua vifaa, kufuata hatua, kutumia ujuzi mpya wa mikono na kurekodi anachokiona. Kumbukumbu inayotumika wakati wa kazi ni finyu. Ikijaa, mwanafunzi hufuata hatua moja baada ya nyingine bila kuelewa anachokifanya, kama mpishi anayefuata maagizo ya chakula ambacho hajawahi kukionja. Lugha ya pili au ya tatu huongeza mzigo juu ya mzigo uliokuwepo.

Vitu vinne vyenye jina moja

Alama ya kwanza ni ya hatari: fuvu na mifupa, mwali wa moto, asidi inayodondokea mkono. Kazi yake ni kumsimamisha mtu kabla hajagusa. Ya pili ni mchoro wa kifaa, kwa mfano bika, pipeti au kibebeo cha mirija, na kazi yake ni kumsaidia mtu achague kitu sahihi mezani. Ya tatu huonyesha kitendo: kumimina, kukoroga, kupasha moto, kusubiri. Ya nne hubeba kiasi na mpangilio, kama saa yenye dakika, tone lenye idadi, au mshale wa kutoka hatua moja hadi nyingine.

Ugumu wa alama hizi haulingani. Mchoro wa bika unafanana na bika, kwa hiyo aliyewahi kuliona atalitambua. Kitendo kina mwendo, na picha iliyosimama lazima ibuni namna ya kuonyesha mwendo huo. Kuikoroga flaski kwa kijiti na kuizungusha flaski mkononi ni vitu viwili ambavyo mchoro mmoja wenye mshale wa duara waweza kuvichanganya. Mchoraji hana budi kuamua iwapo mshale ukae ndani ya kioevu au nje ya chombo, na ikiwa kijiti kionekane au kisionekane. Alama za hatari nazo mara nyingi hazifanani na chochote. Maana yake imewekwa kwa makubaliano, na asiyefundishwa makubaliano hayo hawezi kuyakisia.

Zilivyofika hapa

Wazo la lugha ya picha kwa umma lina wazazi wanaojulikana. Mwaka 1925 Otto Neurath alianzisha Vienna makumbusho ya jamii na uchumi, ambako pamoja na Marie Reidemeister, aliyekuja kuwa mke wake, na msanii Gerd Arntz alijenga mfumo ulioitwa baadaye Isotype. Katika miaka ya 1950 Marie Neurath aliupeleka Nigeria ya Magharibi, kwa serikali ya Obafemi Awolowo, ili ueleze masuala ya afya, elimu na kodi. Huko michoro ya Ulaya ilibidi ibadilishwe: mavazi, nyumba na rangi zilichorwa upya zifanane na mazingira ya wasomaji. Hilo lilikuwa onyo la mapema kwamba picha nayo ina lafudhi.

Alama ya hatari ya kibayolojia ilizaliwa kwa fikra iliyo kinyume kabisa. Mwaka 1966 Charles Baldwin na wenzake katika kampuni ya Dow Chemical walitafuta umbo lisilo na maana yoyote kwa watu, lakini lisilosahaulika, ili maana ifundishwe juu yake bila kugongana na maana nyingine. Walifanikiwa. Umbo lile lenye pembe tatu zilizopinda liko leo kwenye mapipa ya taka za kitabibu duniani kote, vituo vya afya vya Kigali vikiwemo.

Mionzi ilipata somo lake kwa kuchelewa. Alama ya majani matatu ilichorwa Berkeley, Marekani, mwaka 1946, na kwa miongo sita wataalamu waliiona inatosha. Ajali za watu waliofungua mashine zilizotupwa bila kujua kilichomo zikaonyesha kwamba haitoshi. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki na shirika la viwango ISO yalitoa alama ya nyongeza yenye mawimbi ya mionzi, fuvu na mtu anayekimbia, baada ya kuijaribu kwa watu wa nchi 11.

Kwa kemikali, Umoja wa Mataifa ulitoa mfumo wa GHS mwaka 2003, wenye alama tisa ndani ya msambamba wa mstari mwekundu. Ulaya iliachana na miraba yake ya rangi ya machungwa hatua kwa hatua, na michanganyiko ya kemikali ikalazimika rasmi kubeba alama mpya kuanzia Juni 2015. Lakini makabati ya shule hayafuati tarehe za sheria. Chupa ya zamani yenye mraba wa machungwa yaweza kukaa rafu moja na chupa mpya yenye msambamba mwekundu kwa miaka mingi.

Hoja ya wanaozitaka

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwa upande huu umetoka Afrika, na umetoka kwenye kipimo ambacho kila mhudumu wa afya ya jamii wa Rwanda anakifahamu: kipimo cha haraka cha malaria. Kipimo hicho kinaonekana rahisi, lakini kina mitego. Damu ikiwa nyingi au kidogo, matone ya bafa yakikosewa idadi, jibu likisomwa mapema mno au kwa kuchelewa, matokeo hupotoka. Kila kiwanda kina idadi yake ya matone na dakika zake.

Harvey na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti uliofanywa Zambia kwa wahudumu wa afya ya jamii. Kundi la kwanza lilipewa maelekezo ya kiwandani tu. La pili lilipewa karatasi ya msaada yenye michoro ya kila hatua na maneno machache. La tatu lilipewa karatasi hiyo pamoja na mafunzo mafupi. Kundi la kwanza lilifanya sawasawa asilimia 57 ya hatua, la pili asilimia 80, la tatu asilimia 92. Katika kusoma majibu, tofauti ilikuwa asilimia 54, 80 na 93. Tarakimu hizi zinastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu watu, kipimo na kazi vilikuwa vya aina moja. Kilichobadilika kati ya kundi la kwanza na la pili ni karatasi.

Kwa upande wa shule, Dechsri, Jones na Heikkinen waliripoti mwaka 1997 kwamba wanafunzi wa kemia waliotumia kitabu cha maabara chenye picha na michoro ya hatua walifanya vizuri kuliko wenzao wa kitabu cha maandishi matupu, na mtazamo wao kwa somo ulikuwa bora zaidi. Nchini Uingereza, David Paterson na walimu wengine wameeneza karatasi ambazo mchoro wa kifaa hukaa katikati, hatua zikiwa na namba, na maneno mafupi yakikaa palepale kitendo kinapofanyika. Jicho halisafiri tena kati ya aya juu na mchoro chini. Nadharia inayotajwa ni ile ya John Sweller ya mzigo wa fikra, lakini hata asiyeijua nadharia anaweza kuona faida: mwanafunzi aliyepotea hujua arudi wapi.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Kwenye meza ya wanafunzi sita, karatasi ya maandishi huwa na msomaji mmoja, kwa kawaida yule mwenye Kiingereza kizuri, naye ndiye huamuru wengine. Mchoro husomwa na wote kwa pamoja. Mwanafunzi mwenye mikono mizuri na lugha dhaifu anaweza kumsahihisha mwenzake kwa kunyoosha kidole.

Hoja ya wanaotaka maneno

Wapinzani wa picha hawapingi kwa ukaidi. Hoja yao ya kwanza ni kwamba sayansi ni lugha. Mtihani wa taifa haumtaki mwanafunzi achore tone. Humtaka aandike utaratibu, aeleze sababu na atetee hitimisho. Aliyezoea kufuata michoro aweza kumaliza jaribio vizuri na kushindwa kulieleza. Kwa shule za Kinyinya, ambako Kiingereza cha darasani tayari kina fursa chache za mazoezi, kuyaondoa maandishi maabarani ni kuondoa mahali pamoja ambapo neno na kitendo hukutana.

Hoja ya pili inagusa uwezo wa picha yenyewe. Picha huonyesha kitu; haionyeshi sharti wala sababu. Agizo la kwamba rangi isipobadilika baada ya dakika tano yaongezwe matone mawili, lakini yasiongezwe iwapo mapovu bado yanatoka, halina mchoro ulio mfupi kuliko sentensi yake. Katazo nalo lina hatari yake. Mchoro wa mtu anayenyonya pipeti kwa mdomo, uliokatwa kwa mstari mwembamba, ukitazamwa haraka huwa ni mchoro wa mtu anayenyonya pipeti.

Ya tatu ni ya kihistoria, nayo ina upande wenye makosa. Mwaka 1960 William Hudson alichapisha utafiti wa Afrika Kusini uliotumia michoro ya mwindaji, paa na tembo, akahitimisha kwamba wengi wa Waafrika aliowapima hawakuona kina kwenye picha bapa. Kwa miaka mingi matokeo hayo yalitumiwa kudai kwamba Mwafrika hasomi picha. Wakosoaji wa baadaye walionyesha kwamba michoro yenyewe ilikuwa na utata na kwamba njia ya kuuliza iliamua jibu. Kinachobaki baada ya ukosoaji huo ni jambo dogo na la kweli: kusoma picha hujifunzwa, kila mahali na kwa kila mtu. Ros Dowse wa Chuo Kikuu cha Rhodes na wenzake waligundua vivyo hivyo kwenye lebo za dawa. Picha zilizoletwa kutoka Marekani zilieleweka kidogo kuliko zile zilizochorwa pamoja na wasemaji wa Kixhosa wenye elimu ndogo, na watu hao walizipenda zaidi zile walizoshiriki kuzichora.

Hoja ya viwango vya kimataifa

Kundi la tatu linasema alama zisibuniwe ovyo. Mtaalamu wa maabara huhama kituo, mwanafunzi huhitimu na kwenda kiwandani au chuo kikuu, na bidhaa hutoka India, Korea na Ujerumani. Alama ya shule moja isiyojulikana umbali wa kilomita mbili inaweza kudhuru kuliko kusaidia. Kwa vifaa vya tiba na vipimo kuna kiwango cha ISO 15223-1, kinachoamua maana ya kipimajoto chenye mipaka ya joto, namba 2 iliyokatwa kwa kukataza kutumia tena, na kitabu kilichofunguliwa kwa kuelekeza kwenye maelezo.

Kwa hatari, hoja hii haina mpinzani wa maana. Hakuna mwalimu anayepaswa kuchora fuvu lake mwenyewe. Lakini usanifishaji wa kimataifa hauhakikishi uelewa. Tarehe ya mwisho ya matumizi, katika kiwango hicho, ni glasi ya mchanga, chombo ambacho vijana wengi wa Kigali hawajawahi kukiona kikitumika kupima wakati. Ndani ya GHS, mwali wa moto wa kawaida na mwali ulio juu ya duara huchanganywa na watu wa nchi nyingi, ingawa wa kwanza ni wa vitu vinavyoungua na wa pili ni wa vitu vinavyochochea vingine kuungua. Kifua chenye nyota, kinachoashiria madhara ya muda mrefu kama saratani, hueleweka vibaya mara kwa mara bila mafunzo.

Mfano wa Iraki wa msimu wa 1971 na 1972 ni mkali. Mbegu za ngano na shayiri zilizopakwa dawa ya zebaki ziligawiwa wakulima kwenye magunia yenye maonyo ya Kihispania na Kiingereza na fuvu na mifupa. Mbegu zilitiwa rangi nyekundu. Familia zilizokuwa na njaa ziliosha mbegu, zikaona rangi imetoka, zikaamini sumu imetoka nayo. Takwimu rasmi zilihesabu watu zaidi ya 6,500 waliolazwa hospitalini na 459 waliokufa. Alama ilikuwepo na rangi ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kueleza zote mbili kwa lugha ya wasomaji.

Hoja ya kuonyesha kwa mikono, na funzo la Kagugu

Walimu wazoefu mara nyingi huyatazama mabishano haya kwa mashaka. Karatasi iwe ya maneno au ya picha, wanasema, ufundi hufundishwa kwa kuonyesha. Tarakimu za Zambia zinawaunga mkono kwa sehemu: mafunzo yaliongeza asilimia 12 au 13 juu ya karatasi nzuri. Zinawapinga pia, kwa sababu karatasi peke yake iliongeza asilimia 23 na zaidi, na karatasi hubaki ukutani mwalimu akiondoka. Anayeonyesha huonyesha mara moja, na nusu ya darasa haioni vizuri.

Umurenge wa Kinyinya wenyewe una historia inayohusu jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 2000 shule ya Kagugu ilikuwa miongoni mwa shule za mwanzo nchini kupokea kompyuta ndogo za XO za mradi wa One Laptop per Child. Programu yake, Sugar, iliundwa kwa alama karibu tupu: mtoto aliyechorwa kwa herufi X na O katikati ya skrini, na kazi zake zikimzunguka kwa duara. Watoto walijifunza alama hizo kwa kubonyeza. Waliokosea walirudi nyuma, wakabonyeza nyingine.

Uhuru huo wa kukosea ndio maabara haiutoi. Alama ya kompyuta hufunzwa na matokeo yake yenyewe, bila hasara. Alama ya asidi ikifunzwa na matokeo yake, somo limechelewa. Kwa hiyo mafanikio ya alama kwenye simu na kompyuta, yanayotajwa sana na wapenda picha, hayathibitishi chochote kuhusu alama za hatari. Yanathibitisha kitu kuhusu alama za vifaa na vitendo visivyodhuru, ambako mwanafunzi anaweza kujaribu, kuona amekosea na kurudia.

Mambo ya uchapaji

Hoja zote hizi hukutana na mashine ya fotokopi, na mara nyingi mashine ndiyo hushinda. Karatasi iliyobuniwa kwa rangi hunakiliwa kwa wino mweusi, kisha nakala hiyo hunakiliwa tena. Mstari mwekundu wa GHS hugeuka kijivu. Mchoro wa litmasi ya buluu na nyekundu huwa vipande viwili vinavyofanana. Kwenye kipimo cha malaria hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa mstari hafifu kwenye dirisha la kipimo huhesabiwa kuwa jibu la ndiyo, na mstari hafifu ndicho kitu cha kwanza kupotea kwenye nakala. Anayejifunza kutoka nakala hiyo hujifunza kwamba hakuna mstari.

Rangi ina wapinzani wengine pia. Upofu wa rangi nyekundu na kijani huwapata takriban wanaume 8 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Kwa Waafrika kiwango ni cha chini, lakini katika darasa la wavulana 40 kuwepo kwa mmoja si ajabu. Umbo lazima libebe maana hata rangi ikiondoka.

Wingi nao huua. Karatasi yenye alama 25 humlazimisha msomaji kujifunza msamiati mpya kabla ya kuanza jaribio, na hapo mzigo uliokusudiwa kupunguzwa huwa umehamishwa tu. Katika maabara za afya kuna sharti la ziada. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kupandisha maabara za Afrika ngazi kwa ngazi kuelekea ithibati, uliozinduliwa Kigali Julai 2009, hutaka kila kipimo kiwe na mwongozo sanifu ulioandikwa, wenye toleo na tarehe. Karatasi ya picha ya ukutani ni muhtasari wa mwongozo huo na hairuhusiwi kutofautiana nao. Kituo kikibadilishiwa aina ya kipimo, idadi ya matone hubadilika, na bango la zamani lililopitishwa plastiki vizuri huwa hatari kwa sababu ya uimara wake.

Mizani

Kila upande una haki kwenye aina fulani ya alama na makosa kwenye nyingine. Kwa hatari, wapenda viwango wana hoja bora, mradi shule ikubali kwamba alama tisa za GHS ni somo la kufundishwa na kupimwa, kama jedwali la elementi linavyofundishwa. Kwa vifaa na vitendo, michoro ya mahali inashinda, hasa ikichorwa kutoka kwa vitu vilivyomo kwenye sanduku: taa ya spiriti mahali pasipo na gesi, chupa ya maji iliyokatwa mahali pasipo na faneli. Kwa kiasi na muda, tarakimu haina mbadala, na mchoro wa saa au tone unafaa tu ukiwa na tarakimu ndani yake. Kwa masharti na sababu, sentensi hubaki, na ni afadhali iwe fupi kuliko kugeuzwa fumbo.

Mabango ya Shirika la Afya Duniani ya kunawa mikono, yaliyo kwenye kuta za vituo vya afya vingi, yamefanya mgawanyo huo bila kuutangaza. Kila hatua ina mchoro wa mikono, namba na mstari mmoja wa maneno, na juu kuna muda wa sekunde 40 hadi 60. Hakuna alama inayojaribu kueleza kwa nini. Wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa Marburg nchini Rwanda, uliotangazwa Septemba 2024 na kuwakumba zaidi wahudumu wa afya, mpangilio ulikuwa muhimu kuliko kitu kingine chochote katika kuvua mavazi ya kinga, kwa sababu glavu ikivuliwa kwa zamu isiyo yake huchafua ngozi. Kwa kazi ya namna hiyo, mfululizo wa michoro yenye namba una nguvu ambayo aya haina.

Hofu ya kudhoofisha usomaji inajibika kwa namna karatasi inavyotumika. Karatasi ya mezani yaweza kuwa ya michoro na maneno machache ya Kiingereza, maneno yaleyale ya mtihani, huku Kinyarwanda kikitumika katika maelezo ya kabla ya jaribio. Baada ya jaribio mwanafunzi huandika utaratibu kwa sentensi kamili akiitazama michoro. Hapo picha huwa chanzo cha uandishi. Kazi hiyo inahitaji dakika 15 ambazo ratiba ya vipindi haizitoi kwa hiari, na shule isipozitenga, wapenda maneno watakuwa wamesema kweli.

Linalobaki ni kupima kabla ya kuchapa. Viwango vya ISO kwa muda mrefu vilitumia asilimia 67 ya watu waliojibu sawasawa kuwa kizingiti cha alama inayoeleweka, na kiwango cha Marekani kilipanda hadi asilimia 85. Shule haihitaji taasisi ya utafiti kwa kazi hiyo. Wanafunzi 20 wa darasa lililo chini ya lile litakaloitumia karatasi, wakionyeshwa kila alama peke yake na kuulizwa wangefanya nini, watatoa majibu ya kutosha. Alama iliyokosewa na saba kati yao huchorwa upya au hurudishwa kuwa neno. Zoezi hilo lifanyike kwa nakala ya fotokopi, kwa sababu nakala hiyo ndiyo itakayofika mezani.